Kabla lupasi haijaamka: vitu vya kuweka sawa ukiwa bado na nguvu

Wenzangu tulio na lupasi, huu ugonjwa wa kinga ya mwili kukushambulia mwenyewe, na nyie mnaokaa na mgonjwa nyumbani, naandika hii leo kwa sababu leo niko vizuri, vidole vinakunja, na nimejifunza kwa kuumia kwamba huu ugonjwa ukishaamka huwezi kupanga kitu tena. Sio mikono tu, hata kichwa kinagoma. Mara ya mwisho nesi aliniuliza natumia dawa gani nikabaki kumwambia "ile nyeupe ya mviringo", sasa nyeupe za mviringo ziko ngapi jamani!

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni karatasi. Andika majina ya dawa zote, miligramu ngapi, asubuhi au jioni, ugonjwa wako, dawa zinazokudhuru, namba ya daktari, namba ya ndugu. Piga picha iwe kwenye simu, karatasi yenyewe ikae kwenye pochi pamoja na kadi ya bima. Na uandike wazi kuhusu salfa, maana Septrini, antibayotiki yenye salfa, inaweza kuamsha lupasi kwa baadhi yetu na ni dawa ambayo ukienda na kikohozi au UTI unaweza kupewa hivi hivi tu. SP ya wajawazito, ile ya kuzuia malaria, nayo ina salfa, so ukiwa na mimba sema mapema kliniki wajue wanafanyaje.

Dawa sasa. Mi nahesabu vidonge kila Jumamosi, vikibaki vya wiki mbili naanza kutafuta, maana haidroksiklorokwini, dawa yetu ya kila siku, sio kila duka wanayo, na nyie mnakumbuka 2020 wakati wa korona dunia nzima iliigombania hadi wanaoimeza kila siku wakakosa. Watu wakiiona wanakuuliza si klorokwini hii, ile ya kuwasha mwili mzima, ambayo Tanzania iliiacha kwenye malaria 2001? Ni ndugu yake kweli, ila kwetu kazi yake ni kuituliza kinga ya mwili isitushambulie wenyewe, na inaenda taratibu, wiki hadi miezi ndio unaona matokeo, kwa hiyo ukiiruka ruka kwa sababu "leo najisikia poa" unaharibu kazi ya miezi. Macho yapimwe mwanzoni halafu kwa ratiba ya daktari. Na usijidanganye kwamba inakukinga malaria, chandarua kiko pale pale.

Prednisoloni, ile steroidi ya kushusha kinga, ndio ya kuogopa kuishiwa. Ukiwa umeitumia muda mrefu vile vitezi vya juu ya figo vinalala, vinakuwa havitengenezi homoni yake ya kutosha, sasa ukikata ghafla mwili unaishiwa kabisa, presha inashuka unaweza kuanguka. Ukitapika kiasi kwamba kidonge hakikai tumboni usisubiri kesho, nenda hospitali, inabidi uipate kwa sindano. Na muulize daktari SASA, ukiwa mzima, kwamba dalili zikianza nifanye nini, niongeze au nisiongeze, akuandikie.

Homa ndio ilinifundisha adabu. Mwaka juzi nilipata homa na maungio yanauma, nikajisemea ni lupasi hiyo naijua, nikajiongezea prednisoloni mwenyewe, siku tatu nzuri tu, kumbe ni maambukizi kwenye mkojo na mi nimeizima kinga kwa mkono wangu, nililazwa wiki nzima. Sisi homa ina maana tatu: lupasi, malaria, au maambukizi mengine, na kwa kuiangalia tu hujui ipi ni ipi. Kapime. Kipimajoto uwe nacho ndani, sio kushikana paji la uso. Diklofenaki ya maumivu nayo tuache kuimeza kama karanga, hasa kama figo zimeshaguswa.

Kuna dalili za kukujulisha inakuja, kila mtu ana zake. Mimi ni vidonda mdomoni, nywele zinabaki kwenye kitana, na asubuhi mwili umekakamaa kama mti hadi saa nne. Ziandike kwenye daftari ukiwa na nguvu ili ukiziona mbili kwa pamoja upunguze safari na umpigie daktari. Lakini mkojo wenye povu jingi, miguu kuvimba, kifua kinachoma ukivuta pumzi, degedege au kuchanganyikiwa, hizo sio za daftari, ni za hospitali siku hiyo hiyo.

Jua: mwavuli, mikono mirefu, losheni ya SPF 50 ukiipata, na kwenye daladala kaa upande wa kivuli, kioo hakizuii mionzi yote.

Nyumbani sasa, hapa ndio watu wengi hatupafikirii. LUKU weka ya ziada. Maji jaza ndoo nyingi nusu nusu badala ya mbili zilizojaa, na kata iwe ndani ya pipa. Mtungi wa gesi ubadilishwe kabla haujaisha kabisa, maana kukaza ile regyuleta na vidole vilivyovimba ni kilio. Maharage chemsha mengi ugandishe kwenye vikopo vidogo, vifuniko visiwe vya kuzungusha.

Na watu wa nyumbani waambie mapema. Mama mkwe wangu aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, mbona jana ulikuwa unafua?" Hakuwa na ubaya, aliona jana nafua leo siwezi kushika kikombe, nani angeelewa? Siku hizi nikiwa mzima ndio namweleza, mama, kuna siku nitalala kutwa na sio uvivu, siku hiyo naomba watoto wale kwako, na anakubali vizuri tu.

La mwisho ni mlango. Kuna asubuhi niliamka peke yangu, mume yuko safari, komeo la juu limekaza na vidole haviwezi hata kukunjuka, nikakaa chini sakafuni nagonga mlango kwa ndani na mwiko hadi mama jirani akasikia, akamwingiza kijana wake kwa dirisha la jikoni. Tangu hapo lile komeo silifungi, na ufunguo wa akiba uko kwake, ndani ya kopo la majani ya chai.