Kitenzi cha Kijapani: neno moja au sentensi iliyojificha?

Oshitaosu (kusukuma hadi kuangusha) na yomihajimeru (kuanza kusoma) vinaonekana sawa: kila kimoja ni vitenzi 2 vilivyounganishwa. Ila oshitaosu limeundwa katika msamiati, yaani ni neno moja lisilofunguka, ilhali yomihajimeru limejengwa na sarufi ya sentensi. Mtaalamu wa isimu Kageyama Taro alieleza tofauti hii kwa kina mwaka 1993.

Ili kujua kitenzi ni cha aina ipi, anza na kauli ya kutendwa. Iingize kwenye kitenzi cha kwanza tu: yomu (kusoma) kiwe yomareru (kusomwa), kisha unganisha. Yomarehajimeru, "kuanza kusomwa", kinakubalika. Osaretaosu, kutoka osu (kusukuma), hakikubaliki kabisa. Kutendwa kunaweza kukaa mwisho, oshitaosareru, ila hilo halikuthibitishii chochote, kwa hiyo usipime mwishoni. Wanaoanza hukosea hapo mara nyingi.

Kisha badili kitenzi cha kwanza kwa soo suru, "kufanya hivyo". Soo shihajimeru kinasimama. Soo shitaosu kinaanguka, kwa sababu sarufi haiwezi kufikia sehemu iliyo ndani ya neno.

Usiamini umbo la kitenzi cha pili, maana ndilo mtego mkubwa. Katika tobidasu, "kuruka nje", -dasu humaanisha kutoka nje, na neno ni la msamiati. Katika furidasu, "mvua kuanza kunyesha", -dasu hiyohiyo humaanisha kuanza, nayo ni ya sarufi. Hashiridasu hubeba maana zote 2: kukimbilia nje au kuanza kukimbia. Soma muktadha kwanza, ndipo upime.