Kabla ya Kuitisha Mkutano Kuhusu Sumu ya Risasi kwa Watoto

Kabla hujaandika neno hata moja la hotuba, tembea mtaa wenyewe. Madini ya risasi humfikia mtoto kwa njia nyingi: rangi ya zamani inayobanduka dirishani, udongo wa mahali palipovunjwa betri za magari, mabomba ya maji, vyombo vya udongo vilivyopakwa rangi ya kung'aa, sufuria za vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, wanja, hata bizari ya manjano iliyochanganywa na rangi yenye risasi ili ipendeze macho. Ukizimwaga zote mbele ya wazazi kwa saa moja, watarudi nyumbani na hofu wasijue waanzie wapi. Tafuta mbili au tatu zilizopo hapo hapo. Uliza nani anayeyusha betri na wapi, nyumba zipi zina rangi ya miaka mingi, na nani hurudi na nguo za kazi nyumbani. Fundi hubeba vumbi kwenye viatu na nywele, na mtoto anayekimbia kumlaki ndiye anayelipokea.

Ukishajua chanzo, fikiria riziki ya watu. Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kutokana na risasi ya betri zilizokuwa zikivunjwa mtaani. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walipoteza maisha kwa vumbi la mawe ya dhahabu yenye risasi yaliyosagwa majumbani. Waliofanya kazi hizo walikuwa wazazi wakitafuta chakula cha watoto hao hao. Kwa hiyo zungumza na mafundi kwanza, faraghani, kabla ya mkutano. Mtu akiaibishwa hadharani atahamishia kazi yake mafichoni, na mafichoni mara nyingi ni chumba cha ndani. Ukimkuta mapema, mnaweza kuzungumza juu ya kuhamisha kazi mbali na makazi, kuoga na kubadili nguo kabla ya kuingia ndani, na nguo hizo kufuliwa peke yake.

Jambo ambalo waandaaji wengi hulisahau, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kupima damu. Usimpime mtoto yeyote kabla hujajua nani atampokea majibu yakiwa mabaya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto akifikia mikrogramu 5 za risasi kwa desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Akifikia 45, dawa za kutoa risasi mwilini huzingatiwa, chini ya uangalizi wa daktari. Je, hospitali iliyo karibu inazo? Nani atalipa nauli? Kama kipimo ni cha tone la kidoleni, nawisha mkono vizuri kwa sabuni kwanza, maana vumbi la kwenye ngozi hupandisha majibu, kisha majibu ya juu yathibitishwe kwa damu ya mshipa. Na dawa hazifai kitu mtoto akirudishwa kwenye udongo ule ule. Kijiji cha Bagega huko Zamfara kilisubiri hadi 2013 ndipo udongo wake ukasafishwa, na matibabu ya watoto wengi yalisubiri pamoja nao.

Jiandae kwa swali hili, kwani litaulizwa: mbona mtoto wangu anacheza vizuri? Jibu kwa upole na kwa uwazi. Mara nyingi risasi haina dalili ya kuonekana, ilhali inaharibu ubongo unaokua, inapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na madhara hayo kwa kawaida hayarekebishiki. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hutia kila kitu mdomoni, na tumbo lake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya la mtu mzima. Mwili huichukua kana kwamba ni kalisi, madini yanayojenga mifupa, na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi, ndiyo maana mjamzito anaweza kumpitishia mtoto tumboni risasi aliyoipata zamani. Sema haya bila kumfanya mama yeyote ajione ndiye mkosaji.

Ushauri wa nyumbani uwe mfupi, na ufanye kwa mikono mbele yao. Lete kitambaa na ndoo, uonyeshe kufuta vumbi kwa maji, kwa sababu kufagia pakavu au kusugua rangi ya zamani kwa msasa hulirusha hewani. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kulala. Vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi hupunguza ufyonzaji, ila havitibu. Wengi huamini kuchemsha maji kunasafisha kila kitu, lakini risasi haiondoki kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke, risasi yenyewe hubaki.

Mengine hayamo mikononi mwa mzazi hata kidogo: mabomba, udongo wa uwanja wa kuchezea, rangi zinazouzwa zikiwa na risasi juu ya sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa kuwa kikomo cha sheria. Hayo yana wenyewe. Waalike mwenye nyumba za kupangisha, mwalimu mkuu, afisa wa afya na msimamizi wa maji, na wajulishe mapema watakachoulizwa ili waje na majibu. Kama unatafuta tarehe, kila Oktoba kuna wiki ya kimataifa ya kuzuia sumu ya risasi, na viongozi huwa wepesi kuitikia mwaliko wakati huo. Kabla watu hawajatawanyika, andikeni nani ameahidi nini, mpange na siku ya kukutana tena.