Kabla hujalipia bima ya biashara, anza na zile karatasi za nyuma

Wenzangu wenye maduka, gesti na maboti kuanzia Malindi mpaka Lamu, wakati wa kurinyuu bima ukifika swali letu huwa moja tu, ni shilingi ngapi, tukishaambiwa tunalipa, faili inaingia kabatini na haitoki mpaka siku ya balaa. Na siku hiyo asesa, yule mtu wa kukagua hasara, akija haangalii ulilipa kwa uchungu kiasi gani, anafungua zile karatasi za nyuma, vipengele na endosimenti (viambatisho vya mkataba), anasoma neno kwa neno. Zisome wewe kwanza jamani, tena kabla hujatoa pesa.

Zimepangwa hivi. Kuna maneno ya jumla ambayo kila mteja anapewa yale yale. Kuna skejuli, ile yenye jina lako, mahali ulipo, vitu unavyokatia bima na thamani yake. Halafu kuna endosimenti, hizo ndizo zinabadilisha mkataba: moja inaongeza kinga, nyingine inapunguza, nyingine inakuwekea sharti. Ikigongana na maneno ya jumla, kwa kawaida endosimenti ndiyo inafuatwa, kwa hivyo ukisoma kurasa za mbele tu hujajua bado umenunua nini.

Kwetu huku anza na makuti. Kama skejuli imeandika jengo la mawe na mabati na wewe juu una paa la makuti unapolishia wageni, rekebisha leo, usingoje. Makuti yanahesabiwa hatari zaidi kwa hivyo kampuni itapandisha bei na mara nyingi itakuwekea waranti, yaani sharti la lazima, kwamba mitungi ya kuzimia moto iwepo na ifanyiwe sevisi, kwamba hakuna kupika kwa moto wazi chini ya hilo paa, mambo kama hayo. Waranti si ushauri, ukiivunja kampuni inaweza kukukatalia klemu, yaani dai lako la fidia, lote. Kama unajua jiko la makaa litakaa pale pale, sema mapema mwandikiane kitu unachoweza kukitimiza kweli. Kule mji wa kale wa Lamu nyumba zimebanana na vichochoro havipitishi gari la zimamoto, moto wa jirani ni wako pia, kwa hivyo uliza kama mali ya jirani itakayoungua kutoka kwako nayo imeingia, maana hiyo ni kinga nyingine kabisa.

Sasa hapa ndipo hoteli nyingi za huku zinaumia bila kujua. Mwezi wa tano na wa sita mvua iko, kusi imeshika, wageni hakuna, mtu anafunga, anabakisha askari mmoja getini ama hata huyo hayuko. Bima nyingi za moto na za wizi zina kipengele cha jengo kukaa tupu, mara nyingi siku 30, zikipita bila kampuni kuambiwa na kukubali kwa maandishi kinga inakatika. Kwa hivyo kabla hujafunga geti omba endosimenti ya kuruhusu kufunga msimu, watakupa na masharti yake, labda mlinzi usiku na mchana, labda umeme uzimwe kwenye swichi kubwa, na hayo uyafuate.

Wenye mali Lamu kuna hili la Mokowe. Bima ya mzigo safarini unaponunua mara nyingi inazungumzia lori na barabara. Lori linafika jeti ya Mokowe, mzigo unashushwa, unaingia kwenye boti kuvuka kwenda kisiwani, na hapo katikati saruji ikilowa ama friji ikitumbukia baharini wakati wa kupakia utaambiwa safari iliyokatiwa bima iliishia bara. Taka iandikwe wazi kwamba kinga inaendelea wakati wa kupakia, kuvuka na kushusha mpaka mlango wa duka. Mwenye boti la wageni naye aangalie mipaka ya maji anayoruhusiwa na idadi ya abiria.

Thamani nayo usiipunguze ili bei ishuke. Kuna kipengele cha averaji, hesabu yake iko hivi: stoku ina thamani ya shilingi 2,000,000, wewe umeandikisha nusu tu, 1,000,000, moto umekula ya 400,000, utalipwa nusu yake, 200,000, tena kabla ya kukatwa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Bei za vifaa zikipanda katikati ya mwaka omba endosimenti ya kuongeza thamani. Kwa wizi, soma kama wanataka alama za kuvunja, maana nyingi zinataka, na mfanyakazi akitoka na mali kwa mlango uliokuwa wazi hiyo haimo, kuna bima yake.

Ghasia na ugaidi huwa havimo kwenye bima ya kawaida ya moto, vinanunuliwa kando. Baada ya lile shambulio la Mpeketoni, huko huko Lamu, Juni 2014, sijui kwa nini mfanyabiashara wa Lamu aliache hili bila hata kuuliza bei yake. Na bima ya kupoteza mapato kwa kawaida inataka kwanza mali yako iwe imeharibika, kwa hivyo wageni wakikatiza safari kwa sababu ya kafyu tu ama onyo la nchi zao, hoteli ikiwa nzima, usitegemee kulipwa labda uwe na kipengele kinachosema hivyo. Wakati wa Korona maneno haya haya yalizua kesi Uingereza mpaka Mahakama ya Juu, Januari 2021, na waliofaidika ni wale ambao vipengele vyao vilitaja ugonjwa ama kuzuiwa kutumia jengo.

Kama una mkopo, benki itaandikishwa kwenye endosimenti na fidia huenda ikapitia kwao, jua kabla. Wafanyakazi wako sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia ya kuumia kazini, inataka uwakatie bima, hilo halina mjadala.

Na ajenti akikwambia kwa simu "usijali, hiyo imo," mwambie akuonyeshe kipengele. Ujumbe wa Whatsapp hautoshi, taka endosimenti ya kampuni yenye namba ya bima yako, tarehe ya kuanza na sahihi, uilinganishe na ulichoomba, na primiamu, yaani malipo ya bima, iwe imelipwa kabla ya tarehe hiyo maana sheria ya bima ya Kenya hairuhusu kampuni kubeba hatari ambayo haijalipiwa. Nakala weka nje ya duka, kwa simu na kwa mtu mwingine wa nyumbani, pamoja na risiti na picha za stoku.