Kabla Hujasema "Imetikisika": namna ya kuikosoa picha ya majaribio

Jumamosi jioni, jua likishapungua makali, vijana huja barazani kwangu hapa Ngamiani, Tanga. Huwa sita au saba, siku nyingine hufika kumi, kila mmoja na picha yake, na kahawa ya jirani inazunguka. Mimi nimepiga picha za harusi na za pasipoti kwa miaka 24. Jicho langu lilizoea kuuliza mambo matatu tu: sura inaonekana? Nguo inaonekana? Weupe haukuungua kwa mwanga mwingi? Jicho hilo limenilisha na kunisomeshea watoto. Lakini ndilo lililomnyamazisha binti mmoja karibu mwaka mzima.

Alileta picha ya ngalawa. Alikuwa amesimama pale ufukweni Deep Sea alfajiri imeshakucha, wavuvi wanarudi, akafungua shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, kwa robo sekunde huku akiipeleka kamera taratibu kufuata mstari wa bahari. Maji yakawa mikanda ya kijivu na buluu, na tanga likawa alama nyeupe, kama chokaa iliyopakwa ukutani kwa kidole. Nilitazama kidogo nikasema, "Imetikisika hii, mwanangu. Tafuta tripodi, ile miguu mitatu ya kushikia kamera." Akajibu, "Asante, mama," akairudisha kwenye bahasha. Sikumwona tena mpaka Ramadhani ya mwaka uliofuata. Tangu aliporudi tumejiwekea utaratibu mwingine, na nauandika hapa kwa yeyote anayeletewa picha ya majaribio, yaani picha iliyoacha kanuni za kawaida kwa makusudi.

Kwanza tazama, unyamaze. Dakika nzima, kwa saa. Kama picha imechapwa, ishike mkononi na uisogeze mlangoni penye mwanga. Kama iko kwenye simu, pandisha mwangaza wa kioo na uulize ilikusudiwa kuchapwa kwa ukubwa gani. Picha ya kutembeza kamera ikiwa ndogo kama kibiriti huonekana uchafu mtupu. Ileile ukiichapa kwenye karatasi ya A3 mikanda yake inatengana, na rangi uliyodhani moja unakuta ni nne.

Kisha sema unachokiona kabla ya kusema unavyokihukumu. "Naona mikanda mitano. Naona weupe unaoanza mzito kushoto na kufifia kulia. Sioni mtu." Mwenye picha anyamaze wakati huo. Hili ni gumu kwa wengi, maana mtu anatamani kueleza, lakini akieleza mapema sote tutaanza kuona alichotuambia, na yeye hatajua picha yenyewe imefikisha nini. Binti wa ngalawa aliporudi na picha ileile, kijana mmoja alisema, "Naona kama mtu anayetazama kwa mbali na macho yamechoka." Binti akainama. Nilipomuuliza alikuwa anatafuta nini, alisema baba yake alikuwa mvuvi, na alitaka bahari ionekane kama alivyokuwa akiiona utotoni, macho nusu yamefumba kwa usingizi, akisubiri chombo kiingie. Nami nilikuwa nimemwambia atafute tripodi!

Swali la "ulikuwa unatafuta nini?" ndilo kipimo cha yote yanayofuata. Picha ya majaribio haipimwi kwa kanuni za picha ya pasipoti. Inapimwa kwa safari aliyoikusudia mwenyewe: amefika, amekaribia, au amepotea njia? Asipokuwa na jibu, msimbane. Wapo wanaopiga kwanza wakaelewa baadaye, na hiyo ni njia halali ya kufanya kazi. Muulize basi ni sehemu gani ya picha inayomvuta arudi kuitazama.

Hapo ndipo mnaweza kutenganisha kosa na uamuzi, na hapa msiwe na haraka. Kutikisika kulikuwa uamuzi. Lakini juu ya anga la picha ile kulikuwa na vidoa vitatu vyeusi, vidogo, vimetulia kabisa wakati kila kitu kingine kimekimbia. Nilivigusa kwa ncha ya kalamu iliyofungwa nikauliza, "Na hivi?" Hakuwa ameviona. Ni vumbi kwenye sensa, kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea picha. Vumbi linasafiri pamoja na kamera, kwa hiyo hata ukiitembeza vipi, lenyewe linabaki nukta. Na lilijitokeza kwa sababu mwanga ulikuwa mwingi, akalazimika kubana apacha, tundu la lenzi linalopitisha mwanga, hadi f/22, yaani dogo sana, ili apate robo sekunde. Ukibana hivyo, kila chembe inaacha kivuli chake. Basi ushauri ulikuwa wazi: safisha sensa, kisha ama uende mapema zaidi kabla jua halijapanda, ama ufunge filta ya kupunguza mwanga mbele ya lenzi, urudi kwenye f/8, tundu pana zaidi. Ushauri huo haukugusa ndoto yake hata kidogo. Ulimwondolea kilichosimama njiani.

Ukiwa na shaka kama jambo ni kosa au uamuzi, omba ndugu zake. "Nionyeshe nyingine tatu za asubuhi hiyo." Ikiwa kamera imetembea kwa mwendo ule ule katika zote, mkono ulijua unachofanya. Ikiwa moja imekwenda juu, nyingine pembeni, nyingine imeruka, mwambie hivyo kwa upole, maana bado anatafuta.

Mfano wa pili ni wa kijana anayechapa kwa jua. Njia hiyo inaitwa sayanotaipu. Aliivumbua John Herschel, Mwingereza, mwaka 1842. Unachanganya chumvi mbili za chuma, unapaka karatasi gizani, unaweka kitu juu yake, unatoa juani, kisha unaosha kwa maji na kubaki na picha ya buluu. Kijana huyu alilaza mwani, ule ule unaolimwa na akina mama wa pwani yetu. Nilifurahi kumwambia kwamba Anna Atkins, Mwingereza mwingine, alianza kuchapa mwani kwa njia hiyohiyo mwaka 1843. Uso wake ulibadilika, akaona yumo kwenye ukoo mrefu. Kumwonyesha mtu nani alipita njia yake kabla yake ni sehemu ya maoni mazuri, mradi usimwambie "hii imeshafanywa" kama mtu anayefunga mlango.

Lakini buluu yake ilikuwa imepauka, na mahali palipotakiwa kuwa peupe palikuwa na ukungu wa samawati. Mwenzake akasema, "Haina nguvu." Nikamzuia hapo hapo. "Haina nguvu" anaweza kwenda nayo nyumbani akaifanyia nini? Tukaulizana hatua kwa hatua. Karatasi aliipaka usiku, akaiacha siku mbili chumbani bila feni, na Tanga hii yetu yenye unyevu. Dawa iliyopakwa ikikaa na unyevu inaanza kugeuka yenyewe kabla ya kuona jua, ndiyo maana weupe ulichafuka. Juani aliweka dakika tano akaogopa. Tukamshauri akaushe kwa feni gizani na aitumie siku hiyohiyo, aiache juani mpaka sehemu zilizo wazi zigeuke kijivu cha shaba, aoshe hadi maji yasitoe unjano tena, na asikate tamaa ikitoka imefifia, kwa kuwa buluu huendelea kukolea kwa siku nzima baada ya kukauka. Hayo ni mambo manne. Nikamwambia achague moja la kuanzia, akachagua feni.

Hilo la jambo moja nalisisitiza. Mtu akiondoka na ushauri kumi, hafanyi hata mmoja. Mpe moja, lenye kipimo: badala ya robo sekunde jaribu sekunde 1/8, badala ya kupachanisha picha tatu, yaani kuziweka moja juu ya nyingine, pachanisha mbili. Kama tatizo ni fremu, usihubiri. Kata kadibodi vipande viwili vyenye umbo la L, zizungushie picha, kaza na legeza pembe mpaka mwenyewe aone pa kukata.

Maneno "kali", "noma" na "imeenda hiyo" tunayaruhusu barazani, maana moyo nao unahitaji chakula. Ila anayesema "kali" lazima aoneshe kwa kidole ni wapi. Na anayesema "siipendi" aanze na "mimi binafsi", ili ijulikane kwamba anazungumzia ladha yake.

Kuna jambo la kwetu hasa ambalo wageni wa kazi hii hawalioni. Mtu mzima akishasema, mdomo wa kijana umefungwa. Ameshanipa shikamoo, atanibishia vipi? Ndiyo maana binti wa ngalawa alisema "asante" tu. Sasa mkubwa anasema mwisho, nami nikiwa mkubwa kuliko wote nasubiri mpaka wa mwisho amalize. Nimejifunza mengi kwa kusubiri huko, maana mara nyingi nilichotaka kusema kimeshasemwa vizuri zaidi na mtoto wa miaka 19.

Na mzee akipita barazani akasema hayo ni mambo ya wazungu, namtajia marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekuwa akiunganisha picha katika studio yake, mbili au zaidi zikawa moja, na watu wa mjini wakimjia kupigwa picha. Majaribio yana wenyewe hapa pwani.

Jambo moja silipimi kwa nia ya mpiga picha peke yake: mtu aliyemo ndani. Ukipachanisha uso wa mama muuza samaki na moto au takataka, nitauliza, "Yeye ameiona? Ameridhia?" Hapo nauliza bila kulegeza sauti.

Mwisho wa kikao kila mmoja anaandika kwa penseli nyuma ya picha: tarehe, mwendo wa shata, na lile jambo moja aliloshauriwa. Jumamosi inayofuata analeta ya zamani na mpya, tunaziweka mkekani bega kwa bega. Ya binti wa ngalawa ninayo ukutani, ile ya pili, ya f/8. Nyuma ameandika "sekunde 1/4, kabla ya jua", na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la ngalawa ya baba yake.