Kupanda dayanthasi ya milimani katika bustani za Mbeya na Njombe

Dianthus deltoides, ambayo hapa nitaiita dayanthasi, ni mmea mdogo wa kudumu wenye asili ya Ulaya na Asia ya Magharibi, unaotanda ardhini kama mkeka na kutoa maua ya waridi yenye kingo za meno meno juu ya vikonyo visivyozidi sana sentimita 20. Wengi huku Nyanda za Juu Kusini husita kuipanda kwa kuhofia baridi ya Juni na Julai, ilhali mmea huu hustahimili hata umande unapoganda majanini alfajiri. Kinachouua ni maji kutuama shinani wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ni tuta. Chagua mahali panapopata jua kutwa, kisha inua tuta lenye kimo cha sentimita 25 hivi, ukichanganya ndoo mbili za udongo, moja ya mchanga na moja ya vile vijiwe vyepesi vya volkano vinavyopatikana maeneo ya Rungwe, ambavyo ukivitia majini huelea. Udongo wetu mwingi una asidi, nao mmea huu hupenda chokaa, hivyo nyunyiza konzi moja au mbili za chokaa ya kilimo kwa kila mita ya mraba. Samadi iache kwa kabichi. Mwaka wangu wa kwanza niliimwaga kwa ukarimu, majani yakanawiri hadi majirani wakasifu, na kufikia Januari mashina yalikuwa yamelala, yamekuwa ya kahawia na laini pale yanapokutana na udongo, yakivutwa kidogo tu yanang'oka.

Sia mbegu mwezi Machi katika trei iliyo chini ya upenu, uzifunike kwa mchanga mwembamba tu, nazo zitaota ndani ya wiki mbili au tatu. Hamishia miche tutani mwezi Mei, mvua zikishakatika, kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25, kisha tandaza vijiwe kuzunguka kila shina ili majani yasilalie udongo wenye unyevu. Wiki za mwanzo kagua jioni kama kuna sota, yaani viwavi wanaokata mashina ya miche, kwani mmoja hukata miche kadhaa kwa usiku mmoja. Wakati wa kiangazi mwagilia asubuhi, udongo wa juu ukishakauka.

Maua ya mwaka wa kwanza huwa machache. Yakinyauka, punguza mmea kwa theluthi moja kwa mkasi mkali ili uchipue upya na usiache uwazi katikati. Baada ya miaka mitatu au minne huchoka, kwa hiyo mapema chukua vipando vya sentimita 5 visivyo na maua, ondoa majani ya chini, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, na uvihamishe vinapogoma kuvutwa.