Kupima kaboni na vijidudu vya udongo kwenye shamba la miti na mazao

Anza kupima kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Miti ikishasimama, hakuna tena wa kukuambia udongo ulianza na kaboni kiasi gani, na kulinganisha na shamba la jirani ni kubahatisha tu.

Kwenye shamba lililokwisha pandwa, usichote udongo popote. Kaboni hujikusanya karibu na shina, ambako majani huanguka na vijizizi hufa na kuota upya. Chagua miti mitano. Kwa kila mmoja chukua sampuli nusu mita kutoka shinani, kisha mita 2, kisha mita 5 kuelekea kwenye mazao. Ondoa kwanza majani makavu ya juu, hayo bado si kaboni ya udongo. Tenganisha kina cha sentimita 0–10, 10–30 na 30–60, maana mizizi ya mti hufika mbali kuliko jembe.

Asilimia ya kaboni inayotolewa na maabara peke yake haitoshi; unahitaji pia msongamano, yaani uzito wa udongo katika ujazo wake. Gongomelea ardhini pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100, kata udongo uwe sawa na kingo, ukaushe saa 24 kwa nyuzi 105 za Selsiasi, upime. Ukipata gramu 120, msongamano ni gramu 1.2 kwa sentimita moja ya ujazo. Udongo wenye kaboni asilimia 1.5 hadi kina cha sentimita 30 utakuwa na 1.5 × 1.2 × 30, yaani tani 54 kwa hekta. Mawe huharibu hesabu hii, toa ujazo wake. Udongo ukitoa povu kwa tone la asidi una chokaa. Iambie maabara itenge kaboni ya chokaa hiyo.

Sampuli za vijidudu hazianikwi. Zihifadhi kwa nyuzi 4, zifike maabara ndani ya siku chache. Bila maabara, pima vipande sawa vya kitambaa cha pamba tupu, vifukie kina cha sentimita 10 karibu na mti na mbali nao, uvifukue baada ya wiki 8, uvisuuze, uvikaushe na kupima tena. Kilichopungua zaidi kimeliwa zaidi. Ila angalia: chini ya mti kuna unyevu, nao peke yake huharakisha kuoza.

Kaboni ikishuka miaka ya mwanzo, mara nyingi chanzo ni jembe: kutifua huvunja mabonge na kuwafungulia vijidudu mboji iliyofichika ndani. Chimba mashimo tu, usilime shamba zima. Matawi ya jamii ya mikunde yatandaze mabichi. Majani magumu kama ya mkaratusi usiyachanganye na udongo, kwani vijidudu vikiyala huinyang'anya mimea naitrojeni.

Rudia vipimo baada ya miaka 5, msimu uleule, kwa kina kilekile.