Kupanda Gombe kwa miguu: kutoka Kibirizi hadi maporomoko ya Kakombe

Wageni wengi ninaowaongoza katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, huniuliza kwanza habari ya viatu. Mimi naanza na kifua.

1. Jipime afya. Kama una mafua, kikohozi au homa, ahirisha safari, hata kama umeshalipia. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Mwaka 1966 polio iliingia kwa sokwe wa Gombe. Baadhi yao walikufa, wengine wakapooza viungo. Magonjwa ya kifua nayo yamewaua zaidi ya mara moja. Niliwahi kumzuia mgeni aliyekuwa akikohoa, tukiwa bado ufukweni. Alikasirika sana, nami nilimwonea huruma kwa jinsi alivyotoka mbali, lakini leo ningemzuia tena.

2. Panda boti Kibirizi. Ni kama kilomita 3 kaskazini mwa mji wa Kigoma. Boti za mbao zinazobeba watu na magunia kwenda vijiji vya kaskazini mwa ziwa huondoka mchana. Mwambie nahodha mapema kwamba unashuka Kasekela, kituo cha hifadhi kilichopo ufukweni. Safari huchukua saa mbili hadi tatu, na ziwa likichafuka huenda ikazidi, kwa hiyo usipande bila jaketi la kuokolea. Utafika jioni. Lala, kwa sababu mlima ni wa asubuhi.

3. Funga mzigo mwepesi. Maji lita 2, barakoa, suruali ndefu, soksi za kuvuta juu, koti la mvua. Kula kabla ya kuingia msituni. Mlango wa chumba ufunge vizuri hata ukitoka dakika moja tu: nyani wa pale hawaogopi watu, na mkate wako wanauona kabla yako.

4. Anza na Kilele cha Jane, maporomoko baadaye. Watu hupenda kuanza na maji kwa kuwa ni karibu. Ukifanya hivyo, jua litakukuta mgongoni mwa kilima pasipo na mti. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 770 kutoka usawa wa bahari, na vilele vya ukingo wa mashariki vinapita mita 1,500, tena kwa umbali mfupi. Hapo utaelewa kwa nini mapaja yanawaka. Tembea hatua fupi. Ukishindwa kuongea unapopanda, unakwenda kasi mno.

Mabondeni kuna msitu mzito wenye kamba za miti. Ukipanda mgongoni unakuta miombo na nyasi. Nyasi kavu zinateleza kuliko tope, kwa hiyo beba fimbo, na wakati wa kushuka kunja magoti, uweke miguu upande upande. Kilele cha Jane ndipo Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Julai 1960 akiwa na miaka 26, alipokaa na darubini miezi ile ambayo sokwe walikuwa bado wakimkimbia. Kaa pale angalau nusu saa. Anga likiwa safi, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo ya ziwa.

5. Mkikutana na sokwe. Utasikia mlio wa hoo-hoo unaopanda hadi kuwa ukelele. Vaa barakoa hapo hapo. Kaeni pamoja, msizidi watu 6, umbali wa mita 10, muda usiozidi saa 1. Sokwe akija njiani kukufuata, usimkimbie wala usimtazame machoni. Jisogeze pembeni, mpishe. Njia ni yake.

6. Shuka Kakombe. Sauti ya maji utaisikia kabla hujayaona. Yanaanguka kama mita 25 kwenye ukuta wa mwamba, na baridi yake inakupokea ukiwa bado kwenye miti. Mawe ya chini yana mwani wa kijani unaoteleza, hivyo simama kwenye changarawe. Usitumie sabuni kwenye maji yale. Sokwe madume wameonekana hapa wakibembea kwenye kamba za miti na kurusha mawe majini, kana kwamba mngurumo ule unawapandisha mori. Mimi kila nikifika huwaomba wageni wanyamaze kidogo, na hakuna aliyewahi kukataa.

7. Kurudi. Boti zinazotoka vijijini kwenda Kibirizi hupita Kasekela asubuhi. Kwa hiyo lipia usiku wa pili mapema, na alfajiri uwe ufukweni na mzigo wako.